Kupanda Lushoto kwa Gari na Washikaji: Mwongozo kwa Anayetokea Dar

Kila mwaka kipupwe kikianza, simu yangu hujaa swali moja: "Kaka, IST inapanda Lushoto?" Inapanda, hata kama mji wenyewe uko juu ya milima ya Usambara, Tanga. Vitz inapanda, Noah yenye watu saba inapanda, na Coaster za abiria zinapanda kila siku zikiwa zimelemewa mizigo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama IST yake itashuka salama, na mimi gari lilinitoa jasho wakati wa kushuka. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kuchangisha watu hela.

Nazungumzia gari dogo moja, watu wanne au watano, siku tatu: Ijumaa kupanda, Jumamosi kuzunguka, Jumapili kushuka. Kama mko ishirini, kodini Coaster na dereva anayeijua njia.

Uende lini

Juni hadi Septemba. Mvua za masika zimekwisha, barabara ni kavu, hewa ni safi, na ukiamka asubuhi unaona mvuke ukitoka mdomoni kama uko nje ya nchi. Septemba ndiyo naipenda mimi, kwa sababu baridi imepungua makali na wageni si wengi.

Usichanganywe na neno vuli. Kwenye filamu za wenzetu vuli ni majani mekundu yanayodondoka taratibu. Kwetu vuli ni mvua, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mvua kubwa mlimani huangusha udongo na mawe barabarani. Watu wengi hupanga safari ya wikiendi ya Nyerere Day, 14 Oktoba, kwa sababu ya mapumziko. Nendeni, lakini mwulizeni mtu aliyeko Lushoto hali ya mvua siku moja kabla. Machi hadi Mei mimi siendi kabisa.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Leseni hai ya dereva, na ya dereva wa pili. Dereva mmoja kwa safari yote ni kumwonea.
- Bima hai, na uhakika kuwa gari halina deni la faini. Deni la trafiki unaliangalia mtandaoni kwa namba ya gari. Fanya hivyo nyumbani, usije kuambiwa barabarani.
- Pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizima moto ambacho hakijaisha muda. Trafiki ataviuliza, na mlimani utavihitaji kweli.
- Spea tairi yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu. Naomba ufungue buti uvione kwa macho. Magari mengi ya mjini jeki ilishaazimwa na jirani.
- Lita tano za maji ya kawaida, tofauti na ya kunywa.
- Sweta nzito au jaketi, soksi, na kofia ya kufunika masikio. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pita soko la Karume, mitumba ya majaketi ipo tele na kwa Dar hainunuliwi sana.
- Tangawizi mbichi au limao, na ndoo ndogo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na ule wa karatasi ukitapikiwa unapasuka kabla hujapata pa kuutupa. Ndoo. Utanishukuru.
- Hela taslimu kidogo. Matunda ya barabarani hayana lipa namba kila mahali.

Hatua

1. Malizeni suala la hela kabla ya suala la njia.

Safari za washikaji hazifii mlimani, zinafia kwenye michango. Chagueni mweka hazina mmoja ambaye si dereva wala si mwenye gari. Wekeni tarehe ya mwisho ya kuchanga, wiki moja kabla. Ambaye hajatuma mpaka siku hiyo amebaki, na asiambiwe kwa ukali. Mwambieni tu "safari ijayo".

Mafuta yanapigiwa hesabu hivi. Dar hadi Lushoto ni kama kilomita 370. Kwenda na kurudi 740, ongeza 60 za kuzunguka, jumla 800. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakula lita 67 hivi. Lenye kilomita 10 kwa lita litakula 80. Chukua hesabu ya 10, kwa sababu mna mizigo, mna kiyoyozi, na kupanda mlima hakuna huruma. Zidisha kwa bei ya mwezi huo. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kama safari inaangukia mwanzoni mwa mwezi, subiri tangazo ndipo ugawe kwa vichwa.

Mwenye gari asichangie mafuta. Najua kuna watakaobisha. Gari lake ndilo litakalochakaa, na huduma ya gereji baada ya safari ataibeba peke yake.

*Kosa la kawaida:* kusahau hela ya dharura. Kila mtu aongeze kidogo juu ya bajeti, mweka hazina aitunze, na ikibaki irudishwe. Ikirudishwa kweli, safari ya pili haitakuwa na mabishano.

2. Peleka gari gereji siku tano kabla, si jana yake.

Siku tano zinakupa nafasi ya kuliendesha mjini na kugundua alichosahau fundi. Mwambie aangalie vitu hivi, na usimame hapo hapo akiviangalia:

Breki. Pedi za mbele, za nyuma, na mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani taratibu, na yakishakuwa na maji huchemka mapema breki zikipata moto. Yakichemka, pedali inakuwa laini kama godoro na gari halishiki. Kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili, badilisha. Nadharia yenyewe inatosha hapo.

Rejeta. Maji yawe yamejaa, feni izunguke, mipira isiwe na nyufa.

Tairi. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa zee na gumu kama ubao. Upepo jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ukizingatia mko watano na mizigo.

Taa na vaipa. Ukungu wa mlimani hautaki utani.

*Angalizo:* fundi akikwambia "breki zina maisha" bila kufungua gurudumu, mwambie afungue. Hilo nalilipia mimi mpaka leo, nitaeleza kwenye hatua ya 7.

3. Ondokeni saa 11 alfajiri.

Si "tunakutana saa 11". Saa 11 magurudumu yanazunguka. Anayekaa mbali alale kwa mwenye gari usiku huo, kwa sababu kumzungukia mmoja Mbagala, mwingine Tabata, mwingine Kigamboni kutawatoa Dar saa 3 asubuhi na foleni yote ya Kimara mkononi.

Shabaha ni kufika Mombo kabla ya saa 8 mchana, mpande mlima kukiwa na mwanga wa kutosha na akili ya dereva bado ikiwa macho.

4. Chagueni njia kulingana na mnakoanzia.

Mnaoanzia Ubungo, Kimara, Mbezi ya Morogoro Road: pitieni Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kisha kata kulia kuelekea Segera.

Mnaoanzia Mwenge, Tegeta, Bunju: pitieni Bagamoyo, mtokee Msata kwa ile lami ya kilomita 64. Mtakuwa mmekwepa malori yote ya Chalinze. Mimi hata nikitokea Ubungo napita Bagamoyo, sababu malori ya Morogoro Road yananikosesha raha.

Njia zote mbili zinaungana Msata, na baada ya hapo mnavuka Wami kwa daraja jipya. Wazee wa njia hii watawasimulia habari za daraja la zamani lenye njia moja, gari zikisubiriana huku na huku. Muwaulize, ni stori nzuri. Kisha Mkata, Kabuku, Segera. Pale Segera kulia ni Muheza na Tanga; nyinyi mnafuata ya Moshi, mnapita Korogwe na mashamba ya mkonge, mpaka Mombo.

5. Barabara kuu: heshimu kibao cha 50.

Nje ya Dar hatari ya kwanza kwa mfuko wenu ni tochi, yaani kipima mwendo cha trafiki. Vijiji ni vingi na kila kimoja kina kibao cha 50, na trafiki hukaa pale pale unapoona barabara imenyooka na kijiji kimekwisha ilhali kibao cha kuruhusu bado hujakifikia. Kosa moja ni faini ya shilingi 30,000, na ukiwa na mguu mzito utailipa zaidi ya mara moja kwa safari. Mpeni aliyekaa mbele kazi ya kuita vibao: "Hamsini!" Na asiyetaka kazi hiyo akae nyuma.

Pumzikeni kila baada ya saa mbili, badilisheni dereva. Msiovateki lori kwenye kona kwa sababu aliye nyuma yenu anapiga honi. Ana haraka yake, mwacheni aende nayo.

Machungwa ya Kabuku na Segera nunueni mkirudi. Mkinunua kwenda mtayala yote garini, halafu mkutane na kona za Soni matumbo yamejaa.

6. Mombo: simameni nusu saa kabla ya kupanda.

Watu hupita Mombo kwa kasi kwa sababu wameshaona milima. Simameni. Kuleni kidogo, msishibe. Injini ipumzike. Ongezeni mafuta yawe zaidi ya nusu tenki. Mwenye kichefuchefu cha njia akae kiti cha mbele, atazame barabara na si simu, na atafune tangawizi. Anayetumia dawa ya kuzuia kutapika aimeze hapa, ila dereva asiiguse kwa sababu nyingi zinaleta usingizi.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami. Utadhani ni dakika thelathini. Weka saa nzima na zaidi. Barabara ni nyembamba, upande mmoja jabali na upande mwingine korongo, na inapinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Kanuni za kupanda:

Usipande na D muda wote kama gari linahangaika kubadili gia. Shusha hadi 2 au S, au zima kitufe cha OD (gia ya juu ya mwendo kasi), injini itulie kwenye nguvu yake.

Piga honi fupi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake. Fungua kioo kidogo, usikilize honi ya mwenzio. Muziki punguza. Najua mmeandaa orodha ya nyimbo, iwekeni akiba.

Baki kushoto kwako hata kama njia nyeupe. Coaster za hapa madereva wake wanazijua kona kwa majina, nao huja katikati.

Ukiona mshale wa joto unapanda, zima kiyoyozi. Vitz na baadhi ya magari madogo hayana mshale, yana taa tu: bluu gari likiwa baridi, nyekundu likichemsha. Ukisubiri nyekundu umechelewa, kwa hiyo zima kiyoyozi tangu Mombo. Hata hivyo baada ya kona kumi hamtakihitaji.

Soni, katikati ya njia, kuna maporomoko ya maji na wauza matunda. Simameni sehemu pana, si kwenye kona, hata kama ni kwa picha ya sekunde mbili. Mapeasi, plamsi, parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto, kutegemea msimu. Salimieni kwanza, shikamoo kwa wakubwa, ndipo muulize bei. Bei inashuka yenyewe mkishasalimiana.

Mkishafika, mambo ni mepesi, sitayaeleza sana. Tafuteni gesti yenye maji ya moto yanayotoka kweli (fungueni bomba kabla ya kulipa) na maegesho ya ndani. Jumamosi nendeni Irente, kilomita chache kutoka mjini: mnasimama ukingoni mwa jabali, nyika na mkonge vimetandikwa chini yenu, na barabara mliyopita jana inaonekana kama uzi. Karibu na hapo kuna shamba la Irente, wanauza jibini na mkate wao wenyewe. Msitu wa Magamba una mbega na vinyonga. Unasimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa serikali, mnalipa kiingilio na mnakwenda na mwongozaji. Mtae ni kuzuri kupita kote, lakini ni mbali na njia ya vumbi. Kwa gari la chini na siku moja tu ya kuzunguka, acheni.

7. Kushuka: hapa ndipo nilitaka tufike.

Safari yangu ya pili nilishuka Jumapili saa 9 alasiri, gia kwenye D, mguu kwenye breki kuanzia Lushoto. Chini ya Soni tukaanza kunusa harufu kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Mshikaji wa nyuma akasema ni lori la mbele. Kona mbili mbele nikakanyaga breki, pedali ikazama, gari likaendelea. Nikavuta gia hadi L, injini ikalia kama inakata roho, gari likapungua, nikalisogeza kwenye kifusi cha kokoto pembeni. Hakuna aliyeongea kwa dakika tano. Fundi wa Mombo alipofungua chupa ya mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Gereji niliyopeleka gari Dar walikuwa wametazama pedi za mbele tu, wakaniambia zina maisha.

Kwa hiyo fanya hivi:

Kabla ya kuanza kuteremka, weka gia ndogo: 2, L, S au B kulingana na gari lako. Kwa gari la manyuo, shuka na gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Injini ndiyo ilishike gari.

Breki kanyaga kwa uthabiti, kwa muda mfupi, kasi ishuke, kisha achia kabisa zipoe. Kanyaga, achia. Usiweke mguu juu ya pedali muda wote eti kwa usalama.

Usiweke nyutro. Kuna wanaodai inaokoa mafuta. Inaokoa kijiko kimoja cha petroli na kukuacha bila injini ya kukushika.

Simama Soni dakika kumi na tano hata kama breki hazijanuka. Usimwagie maji magurudumu ya moto.

Anayepanda mpe njia. Ni rahisi wewe kusimama kuliko yeye kuanza upya kwenye mlima na mzigo wa kabichi.

Shukeni asubuhi, saa 3 au 4 ukungu ukishainuka. Mtaingia Dar kabla ya giza kukolea.

Mambo yakienda kombo

*Gari limechemsha.* Egesha pembeni, weka pembetatu nyuma mbali kidogo, zima injini, fungua boneti. Mfuniko wa rejeta usiuguse kwa nusu saa nzima au zaidi. Watu wameungua uso kwa papara. Ikipoa, ongeza maji taratibu. Ikichemka tena ndani ya kilomita chache, tafuta fundi.

*Breki zinanuka au pedali imekuwa laini.* Gia ndogo kwanza, kisha handbreki kidogo kidogo, kisha pembeni. Pumpu pedali mara kadhaa. Ngoja zipoe kabisa. Zikirudi kuwa ngumu, usijidanganye kuwa zimepona. Shuka polepole hadi Mombo na mafuta ya breki yabadilishwe hapo.

*Ukungu mzito.* Taa fupi, kamwe si ndefu, kwa sababu mwanga unarudi machoni. Hazadi usiwashe ukiwa unatembea. Aliye nyuma atadhani umesimama, na hataona ukitaka kukata kona. Usipoona mita za kutosha, subiri sehemu pana.

*Mtu anatapika.* Ndoo. Kisha simameni, anawe uso, atembee kidogo. Msimcheke mpaka Dar.

*Trafiki amewasimamisha.* Dereva abaki kwenye kiti, kioo chini, salamu, nyaraka. Wengine nyamazeni, hasa yule rafiki yenu anayejua sheria. Faini ya haki lipeni kwa namba ya malipo ya serikali, risiti mtunze.

*Pancha mlimani.* Usibadilishe kwenye kona. Tembea taratibu hadi palipo tambarare hata kama rimu itaumia kidogo, weka jiwe nyuma ya gurudumu la upande mwingine, ndipo upige jeki.

*Mmepata mkaa au mbao za bei poa.* Acheni. Mazao ya misitu yanasafirishwa kwa kibali, na bila hicho buti lenu litakaguliwa kwenye kizuizi wenzenu wakiangalia. Bebeni karoti, na plamsi kama ni msimu wake. Plamsi ziwekeni juu ya mizigo, kwenye tenga, si kwenye mfuko chini ya begi la mtu. Mimi mwaka jana nilifika nazo Ubungo zikiwa jamu.